Je, Wajua? Kwenda na Kurudi Siku Moja Kutoka Mahongole

Mtu wa Dar es Salaam hana tabu na Jumapili yake. Akitaka kisiwa, anapanda boti kwenda Mbudya au Bongoyo, anakula samaki wa kukaanga kwa mikono, anarudi na chumvi mgongoni. Akitaka historia, Bagamoyo iko kilomita 70 hivi, na magofu ya Kaole yapo hapo jirani. Akitaka miti, Pugu. Jioni yuko kwake anapiga pasi nguo za Jumatatu. Mnyalukolo, mtu wa nyanda hizi za juu, aliyeko Mahongole naye? Mwulize. Atakwambia huku kwetu hakuna pa kutembea, kuna viazi na baridi.

Safu hii leo inabishana naye. Sharti ni moja tu: uondoke alfajiri, usiku ulale kwako. Palipo na udanganyifu kidogo kwenye sharti hilo, nitakiri.

Je, wajua kwamba kuna Mahongole mbili? Moja ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoa wa Njombe, na ndiyo tunayoisema. Nyingine iko wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Kana kwamba hiyo haitoshi, Utengule nayo iko Makambako na iko Mbarali. Kwa hiyo konda akikuuliza, "Mzee, unashuka Mahongole?", usiitikie haraka.

Je, wajua kwamba mkoa wenyewe ni mchanga? Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Ndiyo maana mpaka leo wazee wengi wa Makambako wakiwa ugenini husema wanatoka Iringa, na wala hawakosei: walizaliwa Iringa, wakahamia Njombe bila kubeba hata kiti.

Je, wajua kwamba Makambako haina bahari wala ziwa, ila inaishi kwa tabia zote za mji wa bandari? Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia inapita hapa. Ya Songea inachepuka hapa. Reli ya TAZARA inakatiza hapa hapa. Malori ya shaba na mafuta yanalala, madereva wanaongea Kiswahili cha Tunduma na Kibemba, mama ntilie hawazimi jiko saa nane za usiku, na kila nyumba ya tatu imeandikwa "Guest". Bandari ni watu wanaosubiri kuondoka. Kwa kipimo hicho, Makambako inaipita miji mingi yenye maji.

Tatizo la bandari ni hilo hilo: kila mtu anapita, hakuna anayetazama. Abiria wa basi la Mbeya ana dakika ishirini za chakula. Anaijua Makambako kwa chipsi zake na choo chake.

Sasa reli. Hapa naomba tukae kidogo.

Je, wajua kwamba kipande kigumu kuliko vyote cha TAZARA kinaishia mlangoni kwako? Reli yote ina kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia. Lakini kati ya Mlimba na Makambako, kipande kisichofika kilomita 160, ilibidi yajengwe madaraja 46 na kuchimbwa mahandaki 18. Sababu iko wazi ukiangalia ardhi: Mlimba iko chini kwenye bonde la Kilombero, kwenye joto na mpunga, nayo Makambako iko juu zaidi ya mita 1,600, kwenye ukungu na koti. Treni inapanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu, na treni si mbuzi. Haiwezi kukwea, inazunguka, inatoboa, inavuka. Daraja la mto Mpanga lina kimo cha karibu mita 49. Handaki la Irangi namba 3 lina urefu wa mita 800 hivi, na abiria wa mara ya kwanza akiingia humo huwa anaacha kuzungumza.

Wachina waliofia kazini kwenye reli hiyo ni zaidi ya 60, na wengi wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Idadi ya Watanzania na Wazambia waliofia humo haitajwi mara nyingi kama hiyo ya Wachina. Hilo nalo ni jambo la kujua.

Je, wajua kwamba pamoja na ukali wote wa mlima huo, kilele cha reli hakiko Makambako? Kiko Uyole, karibu na Mbeya, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari. Na je, wajua kwamba reli hii haiwezi kuungana moja kwa moja na reli ya kati ya zamani? TAZARA ina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma, nayo ya Mjerumani ina milimita 1,000. Tofauti ya milimita 67, upana wa vidole vinne tu. Kwa ajili ya vidole hivyo vinne, mizigo hupakuliwa na kupakiwa upya Kidatu.

Je, ni safari ya siku moja? Kwa abiria, hapana. Treni za abiria ni chache kwa wiki, nazo zina saa zake zisizofanana na saa ya ukutani kwako. Uliza stesheni kabla ya kufunga begi. Septemba 2024 kule Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia makubaliano ya kuifufua reli hii. Tunangoja. Kwa sasa, safari ya siku moja ni kwenda kuitazama: chukua bodaboda, fuata njia ya reli nje ya mji asubuhi, kaa kwenye tuta kwa mbali, subiri treni ya mizigo ikitoka bondeni. Utaisikia robo saa kabla hujaiona.

Koti ulilivaa? Je, wajua kwamba upepo wa Makambako umepimwa na kuandikwa? Wataalamu wa nishati waliukuta una wastani wa mita 8.9 kwa sekunde katika kimo cha mita 30. Pamoja na Singida, ni miongoni mwa sehemu zinazotajwa kwanza kila inapozungumzwa mitambo ya umeme wa upepo nchini. Mama zetu walikuwa wameshalijua hilo kwa kuokota kanga zao kwa jirani.

Kutoka Makambako hadi Njombe mjini ni kilomita 60 hivi. Lami, saa moja, saa moja na nusu kwa Kosta inayookota abiria. Hii ndiyo safari ya kuanzia kwa asiyezoea kutembea. Unapanda kutoka mita 1,600 na kitu hadi karibu 2,000, na masikio yanakwambia.

Je, wajua kwamba maporomoko ya mto Ruhudji, ambayo wenyeji huyaita Luhuji, yako Njombe mjini kabisa, na mtu wa basi la Songea anayaona kwa dirisha? Huhitaji mwongoza watalii wala viatu vya mlimani. Shuka stendi, tembea, ukae juu ya jiwe. Bahati mbaya ni kwamba kitu kikiwa karibu sana na mji, watu wa mji hukifanya mahali pa kufulia na kuoshea pikipiki. Nenda asubuhi mapema.

Je, wajua kwamba ile miti myembamba yenye maua ya njano unayoiona ukikaribia Njombe ni wageni kutoka Australia? Ni miwati. Kampuni ya Tanganyika Wattle, ambayo watu wote huiita Tanwat, ilianzishwa 1949 kwa ajili ya magome yake. Gome la mwati hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Kiatu kilichovaliwa mbali huko kilianza Kibena, kwenye mashamba hayo ya Njombe. Tangu 1995 kampuni hiyo hiyo inachoma mabaki ya miti na kufua umeme, megawati 2.5. Na katikati ya miwati kuna chai, kijani kilichochanwa kama nywele.

Simama sasa kwenye lile jiwe la Luhuji, mwage maji kidogo ya chupa yako mtoni. Yanakwenda wapi?

Ruhudji unashuka Kilombero. Kilombero unaingia Rufiji. Kwa upande wa pili wa milima hii hii ya Njombe, mvua inateremkia bonde la Usangu, inaingia Ruaha Mkuu, inapita Mtera na Kidatu, kisha nayo inaingia Rufiji. Mito hii inayoagana huku kwetu ikiwa vijito vya kuruka, inakutana tena mamia ya kilomita huko chini, kabla tu ya Bwawa la Julius Nyerere. Bwawa lile lina uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kufua umeme Februari 2024. Taa ya Kariakoo ikiwaka, ndani yake kuna mvua ya Njombe. (Umeme ukikatika Mahongole siku hiyo hiyo, hilo silijibu hapa.)

Baada ya bwawa, maji yanafika delta ya Rufiji, kwenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko Afrika Mashariki, mkabala na Mafia. Humo ndimo Wajerumani walimoificha manowari yao Königsberg, wakaizamisha wenyewe Julai 1915. Kwa hiyo anayesema Njombe haina pwani, pwani yake ni hiyo: iko mbali tu, na njia yake ni ya maji.

Na je, wajua kwamba kuna maji yaliyowahi kupanda njia hiyo hiyo kinyume? Kule Ngarambe, nyanda za Rufiji, Kinjekitile Ngwale aligawa dawa ya maji, akasema risasi za Mjerumani zitageuka maji. Vita vilianza Matumbi Julai 1905. Bila simu, bila basi, bila barabara, habari ilipanda milima, na Septemba mwaka ule ule Wabena wa chifu Mbeyela walikishambulia kituo cha misheni cha Yakobi, karibu na Njombe. Miezi miwili kutoka mwambao hadi kwenye baridi. Yakobi bado ipo, ni kijiji, na ni mwendo mfupi kutoka mjini. Anayependa kutembelea mahali palipo na kumbukumbu na si kibao, aende.

Je, wajua Nyumbanitu? Ni msitu wenye mapango huko Mlevela, upande wa Mdandu, wilaya ya Wanging'ombe. Wabena wanauheshimu kama mahali pa wazee wao, na jina lenyewe wenyeji hulifasiri kuwa nyumba nyeusi. Husimuliwa kwamba humo wanaishi kuku weusi wasio na mwenyewe, wanaoonekana wakitaka kuonekana. Sijawaona. Ila nasema hivi: usiingie msitu wa watu kama unavyoingia sokoni. Anza kwa wazee wa kijiji, salimia "Kamwene", eleza unachotaka, ngoja uambiwe. Wapo wanaokwenda na simu mkononi wakipiga picha tangu mlangoni, halafu wanashangaa kwamba hawakuoneshwa chochote.

Sasa tupande juu kwelikweli.

Je, wajua kwamba kuna hifadhi ya taifa Tanzania isiyo na simba, isiyo na tembo wa kupigia picha, na watu wanatoka mabara mengine kuifuata? Ni Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ina kilomita za mraba zaidi kidogo ya 400, uwanda wake uko kwenye mita 2,600, na ndani yake kumehesabiwa aina 350 hivi za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi. Mwingereza Frederic Elton aliupita uwanda huu mwaka 1877, na kwa miaka mingi ramani za wageni zikauita kwa jina lake, kana kwamba ng'ombe walikuwa hawajawahi kulishwa pale.

Njia ni mbili. Ya kwanza, kupitia Njombe hadi Makete: kutoka Njombe ni kilomita 107, na sasa ni lami. Ya pili ni ya wenye moyo. Unashuka na barabara ya Mbeya hadi Chimala, ambako ni joto na mpunga, halafu unakata kushoto kupanda Matamba. Barabara hiyo inaitwa Hamsini na Saba, kwa sababu ndiyo idadi ya kona zake. Nilijaribu kuzihesabu. Nilifika thelathini na kitu, dereva akapishana na lori la viazi, nikafumba macho, hesabu ikapotea.

Maua yapo kipindi cha mvua, kati ya Novemba na Aprili. Desemba hadi Machi ndiyo yanashindana. Ukienda Julai utakuta nyasi kavu na, asubuhi, barafu nyeupe juu yake. Mimi nilikwenda Julai, tena na shati la mikono mifupi, kwa sababu kalenda ya ukutani ilinionesha picha ya maua na haikuandika mwezi. Bibi mmoja wa Kikinga aliniazima kitenge. Nilikirudisha jioni.

Je, wajua kwamba hatari kubwa ya maua hayo ilikuwa sufuria? Okidi za nyanda hizi zina viazi vidogo ardhini. Huko Zambia viazi hivyo hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na karanga na pilipili, vikachemshwa mpaka vikashikana kama mkate wa nyama. Chakula hicho huitwa chikanda. Mtu anayekijua hukikata vipande, na macho yake huona soseji ingawa hamna nyama hata tone. Zambia ilipoishiwa okidi zake, wafanyabiashara walivuka Tunduma wakaja kununua za Makete kwa gunia. Ulinzi wa Kitulo ulitokana kwa sehemu kubwa na hofu hiyo, na sio na utalii. Sishauri kuionja chikanda, ila nikikutana nayo Lusaka, sina hakika na msimamo wangu.

Je, wajua kwamba kwenye misitu ya pembeni mwa hifadhi hiyo anaishi nyani ambaye sayansi ilikuwa haimjui hadi karne hii? Anaitwa kipunji. Aligunduliwa Mlima Rungwe mwaka 2003, akatangazwa 2005, na mwaka uliofuata wataalamu wakakubali kwamba hafanani na jamii yoyote, apewe ukoo wake mwenyewe. Afrika ilikuwa haijapata ukoo mpya wa nyani tangu 1923. Lakini jina halikutungwa maabara. Wawindaji wa Kinyakyusa walishakuwa nalo, wakawaambia watafiti, watafiti wakadhani ni hadithi. Sauti yake ni kitu kati ya honi na kubweka.

Makete hiyo hiyo ina matufaha na pichi. Nunua njiani, usisubiri Makambako. Bei inapanda kila kona.

Na je, wajua kwamba kutoka mkoa huu huu unaweza kwenda mahali ambapo ardhi iko chini kuliko bahari? Hapa ndipo lile sharti langu la siku moja linapoanza kuyumba.

Upande wa magharibi wa wilaya ya Ludewa, milima ya Livingstone inakatika ghafla na kuingia Ziwa Nyasa. Haiteremki; inaanguka. Uso wa ziwa uko mita 470 na kitu juu ya usawa wa bahari, na kina chake kikubwa kinafika mita 700 hivi. Toa wewe mwenyewe: sakafu ya ziwa, pale penye kina hicho, iko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa Bahari ya Hindi. Mtoto wa Mahongole anayeishi mita 1,600 angani ana mwambao wa ziwa hilo ndani ya mkoa wake.

Barabara ya kutoka Itoni, karibu na Njombe, hadi Ludewa na Manda ni zaidi ya kilomita 200. Kati ya Lusitu na Mawengi, kilomita 50, serikali iliona lami haitashika kwenye mlima ule wa mvua na utelezi, ikamwaga zege. Ukipita juu yake gari linanguruma tofauti. Ukiwa na gari lako, ukaondoka saa kumi alfajiri, unaweza kunawa ziwani na kurudi usiku wa manane umechoka kama punda. Ukienda kwa basi, lala. Nimekiri.

Je, wajua kwamba Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani? Wengi ni wale wadogo wa rangi za bluu na njano wanaoishi kwenye mawe, ambao wafugaji wa samaki wa vioo Ulaya huwaita mbuna na kuwanunua kwa bei ya mbuzi. Sisi tunawatafuta mbasa na usipa. Mbasa aliyechomwa Manda, na ugali wa muhogo, ni sababu tosha ya kulala.

Na ukiona moshi mweusi umesimama juu ya maji, usiite zimamoto. Ni wadudu, mamilioni kwa mamilioni, wanaotoka ziwani kwa pamoja. Huitwa nkungu, na kwenye mwambao wa ziwa hili wapo wanaowakusanya, wakawakanda, wakawaoka kama mkate. David Livingstone aliandika kwamba alipewa akala.

Je, wajua kwamba Njombe ina meli? MV Njombe, ya mizigo, tani 1,000, iliingia majini 2017 pamoja na pacha wake MV Ruvuma. Baadaye ikafuata MV Mbeya II ya abiria 200. Mkoa unaojulikana kwa viazi na mbao una jina lake ubavuni mwa chombo cha majini, na watu wengi wa Njombe mjini hawajawahi kukiona.

Na maji ya Ruhuhu, mto unaoingia ziwani hapo Manda? Hayo hayaendi Rufiji. Yanatoka ziwani kwa mto Shire, yanaingia Zambezi, yanafika bahari ile ile kupitia Msumbiji. Kwa hiyo mvua moja ikinyesha milima ya Njombe inaweza kugawanyika na kumwagika pwani mbili, nchi mbili.

Haraka haraka, kwa anayependelea upande wa Iringa, saa tatu hivi kwa basi: je, wajua kwamba mapatano ya Versailles ya 1919, yaliyomaliza Vita vya Kwanza vya Dunia, yana kifungu kinachotaja fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe? Ni cha 246. Wajerumani walitakiwa kulirudisha ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954, likiletwa na Gavana Twining, na lipo Kalenga mpaka leo. Isimila nako, karibu na mjini, mashoka ya mawe yametapakaa ardhini pale pale yalipoachwa na watu wa kale. Yalitambuliwa 1951, na aliyeyatambua alikuwa mwanafunzi. Asubuhi Isimila, mchana Kalenga, jioni Makambako. Inawezekana, ukibana muda wa chakula.

Na wewe wa Mahongole uliyeko Dar kwa kazi, unayekumbuka nyumbani kila ukipita Barabara ya Nyerere na kuona jengo lile la stesheni ya TAZARA? Je, wajua kwamba Oktoba 2012 treni ya mjini, ile iliyobatizwa jina la waziri wa wakati ule, Mwakyembe, ilianza kutumia chuma kile kile kinachofika kwenu? Ukiikuta inatembea, panda hadi upande wa Pugu, shuka, tembea kwenye vilima. Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha huko Pugu kabla ya kuacha kazi 1955. Ni umbali mfupi tu. Ila ni njia ya kwenu.

Tumalizie na mzigo wa kurudi nao, maana mtu hatoki matembezi mikono mitupu.

Viazi vinajulikana, na ukipimiwa kwa gunia la lumbesa, lile lililovimba na kufungwa nyavu juu, utajua mwenyewe na mpagazi wako. Parachichi nazo zinajulikana. Lakini kipindi cha mvua kuna ulanzi, pombe ya mianzi. Je, wajua jinsi unavyotoka? Mwanzi mchanga hukatwa ncha, ukawa unachongwa kidogo kidogo asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, mpaka uanze kutoa maji. Chini ya ncha hufungwa mbeta, kipande cha mwanzi kilicho wazi, na maji hudondoka humo usiku kucha. Hakuna hamira, hakuna kupika. Asubuhi ukiteremshwa ni mtamu, watoto wanapewa, huitwa togwa. Makambako kuna kata nzima inaitwa Mwembetogwa, na mimi sijawahi kupita pale bila kiu.

Lakini ulanzi hausimami. Saa zinakwenda na wenyewe unakwenda. Mchana una povu. Jioni unauma ulimi. Kesho yake ni mkangafu, na hiyo ni habari ya watu wazima. Kwa hiyo ukinunua dumu njiani Njombe saa mbili asubuhi, ukazunguka nalo Luhuji, Yakobi na kwingineko, ukafika Mahongole saa moja usiku, ulichomletea shemeji si kile ulichoonja. Na mfuniko usiukaze. Uache umelegea kidogo, dumu liweke miguuni, wima, mbali na begi la nguo.